Kabla seva haijaingia sebuleni, soma LUKU

Ukurasa huu umezoea chanjo, lishe na usingizi wa watoto. Wiki hii nazungumzia kompyuta, na msomaji asishangae, kwa sababu swali lenyewe limenifikia kupitia mlango wa afya. Hapa Kwa Mathias nimeshaulizwa zaidi ya mara moja kama ni salama kulala chumba kimoja na mashine inayowaka usiku kucha. Nyuma ya kila swali kuna kijana aliyesoma kompyuta, na mashine hiyo anaiita "seva yangu ya mazoezi".

Aliyenisukuma kuandika ni mama mmoja anayeuza chai na maandazi kando ya barabara ya Morogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye unayeandika mambo ya hospitali? Hebu niambie, seva ni nini, na kwa nini mdogo wako anataka kuileta ndani?"

"Mdogo wangu" ni mwanawe wa miaka 22. Amemaliza stashahada ya teknolojia ya habari, kazi bado hajapata. Mwezi ujao mama anapokea mgawo wake wa kikoba, Sh900,000, na kijana ameziomba zote. Ameshaona mashine anayoitaka: seva ya raki, ile bapa na ndefu kama sinia la chuma, iliyostaafishwa na ofisi fulani, yenye prosesa mbili na RAM ya GB 64. Nyumba yao ina vyumba viwili na sebule. Kijana analala sebuleni. Chumba cha karibu na sebule analala dada yake na mtoto wa miezi minane.

Jibu langu kwa mama lilikuwa hili: kijana anaomba kitu cha maana, ila mashine aliyoichagua haifai kwa nyumba hiyo. Ninaeleza kwa nini, maana nyumba za namna hiyo ni nyingi kuliko hiyo moja.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Fikiria nyumba ya kupangisha yenye vyumba sita. Paa ni moja, kisima ni kimoja, LUKU ni moja, lakini kila mpangaji ana mlango na ufunguo wake. Mmoja akipika ugali na mwingine akifua, hawaingiliani. Mpangaji akihama, chumba chake husafishwa na wengine hawasumbuki.

Ndivyo inavyofanya kazi seva ya aina hii. Kompyuta moja ya chuma hugawanywa kuwa kompyuta kadhaa ambazo hazishikiki kwa mkono. Wataalamu huziita mashine pepe. Moja inaweza kuwa na Linux, nyingine Windows, nyingine ikahifadhi picha za familia. Mwenye nyumba, yaani programu inayogawa vyumba, anaweza kuwa Proxmox, ambayo hupakuliwa na kutumiwa bila malipo. Kijana akiharibu mashine pepe moja katika mazoezi, anaifuta na kuanza upya kwa dakika chache bila kugusa nyingine.

Faida yake kwa ajira naiona katika kazi yangu. Takwimu za vituo vya afya Tanzania Bara, kuanzia wajawazito waliohudhuria kliniki hadi watoto waliochanjwa, hukusanywa kwa mfumo uitwao DHIS2, unaoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumika katika nchi nyingi. Programu yake ni huria: mtu yeyote anaweza kuipakua na kuisimika kwenye Linux pamoja na hifadhidata ya PostgreSQL. Kijana aliyeisimika mara kumi nyumbani, akaivunja na kuirudisha, ana jambo la kusema kwenye usaili ambalo cheti peke yake hakisemi.

Familia nayo inafaidika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Nyumba yenye seva yake inaweza kuweka ndani Wikipedia nzima ya Kiswahili kupitia Kiwix, na masomo ya watoto kupitia Kolibri, na yote yakasomeka kwenye simu kwa Wi-Fi ya ruta bila kuhitaji bando.

Kwa hiyo swali si kama kijana apewe au asipewe. Swali ni mashine ipi, na mashine hiyo ipimwe kwanza kwa nyumba itakayoishi, kisha kwa nguvu zake.

Hesabu ya LUKU

Seva haizimwi. Kompyuta ya dukani huwaka saa nane na kupumzika, lakini seva inakula umeme saa 24, siku 30. Hapo ndipo bei halisi ya mashine ilipo, wala haiandikwi kwenye karatasi ya muuzaji.

Uniti moja ya LUKU ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa moja. Ukitaka kujua mashine itakula uniti ngapi kwa mwezi, chukua wati zake, zidisha kwa saa 720, kisha gawa kwa 1,000. Seva ya raki ya zamani yenye prosesa mbili, hata ikiwa haina kazi kubwa, inaweza kuvuta wati 150. Hizo ni uniti 108 kwa mwezi. Kompyuta ndogo za ofisi, zile zinazokaribia ukubwa wa Biblia au msahafu mkubwa, huvuta kama wati 15 zikiwa na kazi nyepesi. Hizo ni uniti 11 hivi.

Sasa tazama daraja la umeme. Mteja wa nyumbani aliye kwenye D1, yaani mwenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa Sh100 kwa uniti. Akivuka 75, kila uniti ya ziada ni Sh350. Akiendelea kuvuka anahamishiwa T1, ambako kila uniti ni Sh292 tangu ile ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 humfikia mteja kwa Sh122, na ya T1 kwa Sh356, ukiacha makato ya kodi ya jengo.

Yule mama yuko D1. Ana taa, televisheni, feni na friji ndogo, na hutumia kama uniti 60. Analipa kiasi cha Sh7,300 kwa mwezi.

Akiongeza kompyuta ndogo ya wati 15, anafika uniti 71. Bado yuko ndani ya 75, na ongezeko ni kama Sh1,300. Itabidi awe mwangalifu miezi ya joto ambapo feni haizimwi, lakini anaweza.

Akiongeza seva ya raki ya wati 150, anafika uniti 168. Baada ya kuhamishiwa T1 atalipa karibu Sh60,000 kwa mwezi. Si kwamba seva peke yake imegharimu kiasi hicho. Imempandishia bei hata ya taa na friji. Tofauti kwa mwaka inazidi Sh600,000, na fedha hiyo itatoka kwenye maandazi. Mashine iliyoonekana rahisi dukani itakuwa imekula mgawo mwingine wa kikoba kabla kijana hajapata hata usaili wa kwanza.

Kama nyumba yenu tayari iko T1, hesabu ni nyepesi kidogo: kompyuta ndogo itaongeza kama Sh3,800 kwa mwezi, seva ya raki kama Sh38,000. Vyovyote vile, iandikeni kwenye karatasi kabla ya kupanda gari kwenda Kariakoo.

Kelele na joto

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika makazi, lilishauri sauti endelevu ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Huo ni ukimya wa mtu anayenong'ona. Seva nyembamba za raki hupozwa kwa feni ndogo zinazozunguka kwa kasi kubwa sana, kwa sababu zimetengenezwa kukaa kwenye vyumba maalumu ambako hakuna mtu analala. Sauti yake hufanana na ya mashine ya kukaushia nywele saluni, na haikatiki. Mtoto wa miezi minane anayelala upande wa pili wa ukuta ataisikia, na mama yake anayeamka kunyonyesha ataisikia zaidi.

Joto nalo si dogo. Umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hatimaye hutoka kama joto. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takribani wati 100. Kwa hiyo seva ya wati 150 ni sawa na kukaribisha mtu mmoja na nusu alale sebuleni daima, bila kutoka hata mchana. Kwa joto letu la Pwani kati ya Desemba na Machi, chini ya paa la bati lisilo na dari, hilo litahisiwa. Kisha mtawasha feni nyingine kulipoza, na uniti zitazidi.

Kompyuta ndogo ya wati 15 ina feni moja ambayo mara nyingi huisikii mpaka usogeze sikio. Joto lake halifikii la balbu ya zamani ya wati 40.

Tununue nini basi?

Kwa nyumba nyingi za kwetu, ningeanza na kompyuta ndogo za mtumba zilizotoka maofisini: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny. Nimechagua hizo kwa sababu zinapatikana, vipuri vyake vinajulikana, na zilitengenezwa kukaa mezani karibu na mtu.

Prosesa. Tazama herufi ya mwisho ya jina. Kwa prosesa za Intel za mezani, herufi T huonyesha aina ya umeme mdogo. Core i5-6500T ina viini vinne, Core i5-8500T ina viini sita, na zote mbili zimepimwa kwa wati 35 zikiwa kazini sawasawa; zikitulia hushuka sana. Kama fedha inaruhusu, chukua kizazi cha nane. Hata ya viini vinne inatosha kujifunzia. Vijana hupenda kuhesabu viini, lakini mashine pepe nyingi za mazoezi hukaa zimesinzia muda mwingi. Prosesa ni kama bomba la uani: wapangaji sita wanaweza kulitumia kwa zamu.

RAM. Hii ni kama kitanda. Aliyelala amelala, huwezi kumpa mwingine wakati huohuo. Ndiyo maana RAM huisha kabla ya prosesa. Fanya hesabu ya wapangaji wako: Proxmox yenyewe itengee GB 2, masomo ya Kolibri GB 2, hifadhi ya picha GB 4, na DHIS2 ya mazoezi GB 6. Jumla GB 14. Kwa hiyo GB 16 ndiyo mahali pa kuanzia, na GB 32 inakupa nafasi ya kupumua. Ukianza na GB 16, omba ije kwenye kipande kimoja ili tundu la pili libaki wazi kwa siku za mbele.

Kuna mtego hapa. Utakuta RAM ya bei ya kutupa, GB 32 kwa bei ya GB 8. Mara nyingi ni ya seva, ile iitwayo "registered", na haifanyi kazi kwenye kompyuta ya kawaida hata kama zote zimeandikwa DDR4. Kompyuta ndogo hutumia vipande vifupi kama vya kompyuta mpakato, viitwavyo SO-DIMM. Chukua kipande kilichopo uende nacho dukani, mkilinganishe kwa macho.

Diski. Usijenge seva juu ya diski ya kuzunguka iliyochoka. Nunua SSD mpya, hata ya GB 500, ya kampuni inayojulikana, na iwe na risiti. Seva huandika kwenye diski mchana na usiku, na SSD za bei ya chini kabisa huchakaa mapema. Kompyuta ndogo nyingi zina nafasi ya SSD mbili, moja bapa ya M.2 na moja ya inchi 2.5. Zikiwekwa pacha, moja ikifa nyingine inaendelea.

Uwezo wa kugawanya. Prosesa nyingi za miaka 15 iliyopita zina uwezo huu, lakini wakati mwingine umezimwa kwenye BIOS. Kwa Intel huitwa VT-x, kwa AMD huitwa AMD-V au SVM. Kama kijana anataka kumpa mpangaji mmoja kifaa kizima, kwa mfano kadi ya mtandao, atahitaji pia VT-d, na kwa AMD huitwa IOMMU.

Wapo watakaotaka kujijengea kwa vipuri, kuanzia kasha tupu. Ni somo zuri, na ni uamuzi sahihi kama familia inahitaji diski tatu au nne, kwa mfano kijana anayehifadhi video za harusi kwa malipo. Hapo tafuta mazabodi yenye matundu manne ya RAM na nafasi za kutosha za diski, na prosesa yenye picha ya ndani ili usilipie kadi ya picha itakayokula umeme bure. Kifaa ambacho hutakiwi kukibania fedha ni pawa saplai. Hicho ndicho kinachogusa umeme wa ukutani, na kikiwa cha ovyo huweza kuunguza mazabodi, diski na hata pazia. Ya wati 300 au 400, ya jina linalojulikana na yenye alama ya 80 Plus, inatosha. Usidanganywe na ile iliyoandikwa wati 800 lakini ni nyepesi mkononi kama kopo tupu.

Umeme ukikatika

Umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, kazi ya wiki nzima inaweza kupotea. Kwa hiyo tenga fedha ya UPS tangu mwanzo, usiseme utanunua baadaye. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah 7. Ikibeba kompyuta ndogo na ruta, inaweza kukupa zaidi ya nusu saa betri ikiwa mpya. Ikibeba seva ya raki, utapata dakika chache tu za kukimbilia kuzima. Mashine ndogo inakuokoa tena hapa.

Sasa nivae kofia yangu ya kawaida. Betri ya UPS ina risasi, ile madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio huumia zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Betri ikiwa nzima na imefungwa haina neno. Hatari huanza ikivimba, ikivuja au ikifunguliwa. Usiruhusu mtu kuivunja uani ili auze risasi, wala usimpe mtoto achezee.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walijifunza hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa kando ya mtaa wao kiliwaachia sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya, kesi ambayo iliendelea kupanda ngazi za mahakama. Betri yako moja si kiwanda, lakini ikichoka irudishe kwa aliyekuuzia au kwa mnunuzi mwenye kibali, ikiwa nzima.

Na wale wanaotaka kutumia betri ya gari na inveta ili kubana matumizi, tafadhali isikae chumba cha kulala. Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche.

Seva ikae wapi

Ikae juu ya meza au rafu, usawa wa kifua, mbali na dirisha la mvua na mbali na jiko. Usiifunike kitambaa cha kufuma ili ipendeze, itashindwa kupumua. Vumbi la kiangazi huziba feni, kwa hiyo ipulizwe kila baada ya miezi mitatu ikiwa imechomolewa. Mende na mjusi kafiri hupenda joto la mashine, na mjusi akipita juu ya pawa saplai iliyo wazi, yeye na mashine wote wanakwisha. Matundu makubwa nyuma ya kasha yazibwe kwa wavu mwembamba unaopitisha hewa.

Waya usipite sakafuni anapotambaa mtoto. Soketi moja isibebe friji, pasi na seva kwa ekstensheni moja.

Siku ya kununua

Kutoka Kwa Mathias hadi Kariakoo na kurudi ni nauli na siku nzima, kwa hiyo kila kitu kipimwe hukohuko dukani. Mwambie muuzaji awashe mashine mbele yako. Kama ina Windows, fungua Task Manager, ukurasa wa prosesa, uone kama pameandikwa kuwa Virtualization imewashwa. Kisha ingia BIOS. Kama inadai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache. Ofisi iliyoiuza iliifunga, na wewe hutaweza kubadilisha kitu.

Kama inakuja na diski, iangalieni kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 35,000 imefanya kazi miaka minne bila kuzimwa, hata kama imefutwa vumbi ikang'aa. Chaja iwe ya mashine hiyohiyo. Baadhi ya Dell zikipewa chaja isiyotambulika hupunguza kasi, na kijana atadhani prosesa ni mbovu. Mwisho, risiti iandikwe namba ya mashine na siku za majaribio.

Kitakachowekwa ndani

Vijana wanaojifunza mifumo ya afya wasilete nyumbani taarifa za wagonjwa halisi, hata kwa flashi ya rafiki anayefanya kazi zahanati, hata kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ilianza kutumika Mei 2023. Majibu ya kipimo cha jirani yako hayana kazi sebuleni kwako. Tunga majina, tunga namba, jifunzie hizo.

Za familia yenu ni jambo jingine, na kwangu mimi hapa ndipo seva ya nyumbani inapolipa. Pigeni picha kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa, majibu ya vipimo vya bibi mwenye presha, majina ya dawa anazotumia na dozi zake. Mara ngapi tumeona mgonjwa anafikishwa hospitali usiku, daktari anauliza anatumia dawa gani, na ndugu wanatazamana? Karatasi huloana na simu huibwa, lakini nakala iliyo nyumbani hubaki.

Ila diski pacha si nakala ya akiba. Mtoto akifuta picha, zinafutika kwenye diski zote mbili kwa pamoja. Na mwizi akibeba mashine, amebeba zote. Kwa hiyo nunueni diski ya nje, hata ndogo, inakiliwe kila mwisho wa mwezi na ikae nyumba nyingine: kwa shangazi Mlandizi, kwa kaka Mbezi, popote panapoaminika. Iwe na nenosiri, na nenosiri hilo lijulikane na watu wawili ndani ya nyumba. Anayelijua akiwa kijana peke yake, siku akipata kazi Dodoma mtabaki na kisanduku kinachowaka taa tu.

Na uniti za seva alipe nani? Pangeni mapema. Kama ni Sh1,300 kwa mwezi, kijana anaweza kuzipata kwa kumtengenezea simu mtu mmoja wa mtaani. Azinunue mwenyewe, aingize tokeni mwenyewe, na kila Jumapili aandike ukutani mita inasoma ngapi. Atakuwa ameanza kujifunza kuendesha seva.